Jina Namba Saba Katika Daftari la Wagonjwa

USHARIKA WA TEGEMEO, IPOGOLO – IRINGA
KAMATI YA HUDUMA
KIKAO CHA KAWAIDA CHA MWEZI JULAI 2025

Tarehe: Jumamosi, 12 Julai 2025
Mahali: Sakristia, baada ya ukumbi mdogo kuchukuliwa na kwaya ya vijana bila taarifa
Muda: Wajumbe waliitwa saa 8:00 mchana. Kikao kilianza saa 8:37.

WALIOHUDHURIA
1. Mzee Ambrosi Kalinga – Mwenyekiti
2. Mchungaji Aroni – Mlezi wa kamati
3. Mama Apolonia – Kiongozi wa kikundi cha maombezi
4. Mzee Sosthenes – Msimamizi wa vyombo vya muziki
5. Mama Tusajigwe – Mzee wa kanisa wa zamu, mwezi Julai
6. Dada Yusta – Mwakilishi wa vijana (na mwanakwaya wa kwaya iliyotajwa hapo juu)
7. Tumpe Isakwisa – Katibu

Mama Tusajigwe ni mama mzazi wa Katibu. Jambo hili linaandikwa mapema ili lisije likaonekana lilifichwa.

ASIYEHUDHURIA KWA TAARIFA
Ndugu Anord. Yuko Ubaruku kwenye mavuno ya mpunga.

KUMB. NA. 1/7/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe na kumwomba Mama Apolonia afungue kwa sala. Sala ilichukua dakika kumi na moja. Ndani yake Mama Apolonia aliwaombea viongozi wa nchi, wakulima, wasafiri wa mteremko wa Kitonga, "na binti yetu Tumpe, umfungue, Baba, mwaka huu usipite." Katibu aliitikia Amina katika maombi yote isipokuwa hilo la mwisho.

KUMB. NA. 2/7/2025: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Katibu alisoma kumbukumbu za mwezi Juni. Mzee Sosthenes alilalamika kwamba imeandikwa alisinzia wakati Mchungaji anaongea. Katibu alimwonyesha kwamba kilichoandikwa ni "alifumba macho kuanzia saa 9:20 hadi 9:41", kwa sababu kusinzia ni jambo la ndani na Katibu hakuwa ndani. Mzee Sosthenes alisema alikuwa anatafakari. Mwenyekiti alimwelekeza Katibu aongeze neno "akitafakari". Katibu aliongeza "kwa maelezo yake mwenyewe, akitafakari". Kumbukumbu zilithibitishwa.

Mwenyekiti alimkumbusha Katibu, kwa mara ya tatu mwaka huu, kwamba si kila kitu kinachotokea kikaoni kinaandikwa. Katibu aliomba apewe orodha ya visivyoandikwa. Orodha haijatolewa.

KUMB. NA. 3/7/2025: TAARIFA YA SPIKA

Mzee Sosthenes alieleza kwamba zile spika mbili zilizofungwa juu ya paa mwanzoni mwa Machi zinafanya kazi vizuri sana, na sauti ya ibada sasa inafika barabara kuu.

Dada Yusta alisema, "Mzee, inafika mpaka kwenye maduka ya spea kule. Watu wanasikia hadi matangazo."

Mzee Sosthenes alishukuru. Dada Yusta alifafanua kwamba hakuwa anasifia. Mzee Sosthenes alisema vijana wa siku hizi hawana shukrani. Mwenyekiti aliwataka wajumbe waendelee. Katibu aliomba wajumbe waikumbuke taarifa hii ya spika, kwa kuwa jambo linalofuata limetokana nayo.

KUMB. NA. 4/7/2025: OMBI LA KATIBU KUONDOLEWA KATIKA DAFTARI LA WAGONJWA

Mwenyekiti alieleza kwamba aliliona jambo hili kwenye barua ya wito tangu Jumanne, ila alitumaini Katibu angelifikiria upya. Katibu alijibu kwamba amelifikiria upya, na ndiyo maana ameliandika kwa wino.

Katibu aliomba kusoma maelezo yake akiwa amesimama na akiangalia karatasi, kwa kuwa akiangalia nyuso za watu hupoteza mstari. Alikubaliwa. Maelezo yake yalikuwa haya:

Jina lake limo kwenye Daftari la Wagonjwa, namba 7, tangu Jumapili ya tarehe 9 Machi 2014, alipokuwa na miaka ishirini na mitatu. Kila Jumapili, baada ya mahubiri, mzee wa zamu husoma majina yaliyomo na usharika huwaombea. Wengine waliokuwa naye ukurasa ule walipona au walizikwa. Yeye amebaki. Kwa miaka minne aliyokuwa Katibu, kila Jumamosi jioni amekuwa akinakili orodha ya kusomwa kesho yake, na kila Jumamosi ameandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe mwishoni, chini ya mwenye kisukari na mwenye mguu uliovunjika. Kwenye safu ya TATIZO, wengine wameandikiwa ugonjwa. Yeye ameandikiwa maneno mawili: "hali yake".

Alivumilia kwa sababu jambo lilikuwa la ndani ya kanisa. Kisha zikaja spika. Jumatatu ya tarehe 17 Machi, mwajiri wake, Mzee Halfani mwenye duka la spea za malori, alimwita pembeni akiwa amefunga Ramadhani na kumwambia: "Bibie, jana tena nimesikia kanisani kwenu wanakutaja mgonjwa. Halafu leo saa moja kamili wewe ndiye umefungua duka. Unaumwa nini? Ukinidondokea hapa kaunta, mimi Mungu ataniuliza." Akampa ruhusa aende hospitali Mbeya, na akasisitiza hataki kumwona dukani mpaka aende.

Katibu alienda mara tatu, kati ya Aprili na Juni. Daktari alimhoji kwa saa nyingi, mpaka mambo ya utotoni ambayo hakuna aliyewahi kumwuliza. Alimweleza kwamba ana usonji: amezaliwa nao, atazeeka nao, na si ugonjwa wa kuja na kuondoka. Masikio yake yanapokea sauti nyingi kwa pamoja, kuguswa ghafla kunamwumiza, maneno ya mzunguko yanampita, na mambo yaliyopangwa humpumzisha. Katibu alimwuliza daktari dawa yake ni nini. Daktari alisema hakuna, kwa sababu hakuna kidonda. Barua ya daktari ilizungushwa kwa wajumbe. Mzee Sosthenes aliisoma mara mbili.

Kwa hiyo Katibu aliomba jina lake liondolewe kwenye daftari kabla ya ibada ya kesho.

Mwenyekiti alisema ombi ni jepesi na lingeweza kumalizwa bila hotuba ndefu. Aliagiza daftari lifunguliwe na ijazwe safu ya AMEPONA. Hapo ndipo mambo yalipokwama.

Daftari lilichorwa na katibu wa kwanza wa kamati hii, ambaye ni marehemu. Mwishoni mwa kila ukurasa alichora safu mbili tu: AMEPONA na AMELALA, maana yake amelala katika Bwana. Ndani ya jalada alibandika kanuni kwamba hakuna jina litakalofutwa mpaka moja ya safu hizo ijazwe, na mfutaji awe mzee wa zamu. Katibu alieleza kwamba yeye hajapona na hajalala. Asiyeumwa hawezi kupona. Akijaziwa AMEPONA, usharika utakuwa umeandika uongo na yeye atakuwa ameutia muhuri.

Mzee Sosthenes alisema, "Andika amepona, mwanangu, tumalize. Nani atauliza?"

Katibu alijibu kwamba yeye ndiye atakayeuliza.

Mwenyekiti alikumbusha habari ya Ndugu Anord, ambaye aliingizwa kwenye daftari kwa ngiri, akapasuliwa, akapona, akaenda Ubaruku kulima, na kwa misimu miwili aliendelea kuombewa hapa kama mahututi. Siku aliporudi na mchele wake mabegani, alisikia jina lake likisomwa, akapiga magoti kwa kudhani ugonjwa umerudi. Wajumbe walicheka. Mwenyekiti alisema kwamba Anord alijaziwa AMEPONA na maisha yakaendelea. Katibu alikubali, kwa kuwa ngiri ya Anord ilikuwepo kweli.

Mama Apolonia aliomba kusema. Alisema hajafurahishwa. Alisema kikundi chake kimefunga na kuomba kwa ajili ya binti huyu kwa miaka kumi na moja, hakuna lisilowezekana kwa Mungu, na barua ya daktari haiwezi kukaa juu ya madhabahu. "Mkate hautolewi motoni kabla haujaiva," alisema. "Sisi bado tunangoja."

Katibu aliuliza wanangoja aweje.

Mama Apolonia alisema, "Uwe kama wenzako."

Katibu anaandika hapa kwamba alikasirika, kwa kuwa ni kweli na kwa kuwa ilionekana. Alimwomba Mama Apolonia awataje wenzake hao mmoja mmoja, ili ajue ni yupi. Mwenyekiti aligonga meza. Alitoa uamuzi kwamba, kwa mujibu wa kanuni ya 9, mjumbe anayejadiliwa atoke nje. Katibu alikiri kwamba kanuni hiyo ipo na kwamba yeye ndiye aliyeichapa. Aliuliza nani ataandika. Kalamu ilipewa Mzee Sosthenes. Katibu alimwachia na rula.

KUMB. NA. 5/7/2025: MAJADILIANO KATIBU AKIWA NJE

Sehemu hii imeandikwa na Mzee Sosthenes na inanakiliwa neno kwa neno:

"Katibu katoka. Wajumbe waliongea sana. Apolonia aliongea. Mchungaji naye. Yusta alimjibu Apolonia vibaya kidogo, akaomba radhi. Mama Tumpe alilia. Tukakaa. Kuandika huku unasikiliza ni kazi jamani. Katibu aitwe."

Katibu alikuwa nje kwa dakika ishirini na sita, kwenye benchi la upande wa jua. Malori yalikuwa yanapita barabarani kwa wingi. Hakuziba masikio, kwa sababu alitaka akiitwa asikie.

KUMB. NA. 6/7/2025: KUENDELEA KWA MAJADILIANO

Katibu alisoma maandishi ya Mzee Sosthenes na kumshukuru. Kisha alisema kumbukumbu hizo zina pengo: imeandikwa kwamba mama yake alilia, haikuandikwa kwa nini.

Mwenyekiti alisema, "Tumpe, mambo mengine hayaandikwi."

Katibu alijibu kwamba jina lake liliandikwa.

Mama Tusajigwe aliomba aseme mwenyewe. Alisema akiwa ameketi, kanga yake mkononi. Alieleza kwamba mwaka 2014, siku ya sherehe ya kumuaga dada wa Tumpe, aliyekuwa anaolewa, muziki ulikuwa mkubwa na ndugu walikuwa wengi kutoka Tukuyu na Kyela. Kila shangazi alitaka kumkumbatia Tumpe. Tumpe alikimbilia chooni, akajifungia, akawa anapiga kichwa ukutani. Mlango ulivunjwa. Watu wote waliona.

"Usiku ule ndugu walikaa kikao, mimi sikuitwa," alisema. "Asubuhi wananiambia binti ana mkono wa mtu, kuna mzee mahali ni hodari, tumpeleke, atachanjwa, atafukizwa, siku saba tu. Gari lilishatafutwa. Nikasema huyu mtoto haendi popote. Nikatoka hapo kwa miguu, nikaja kanisani, nikaomba daftari, nikamwandika. Nikarudi nikawaambia, ameshaandikwa kanisani, ana wa kumwangalia. Wakaniacha. Kila Jumapili nikisikia jina lake najua bado yuko mikononi. Sasa mnaniambia nimfute. Nikimfuta, nani anamshika?"

Katibu hakuwa analijua jambo hili. Siku zote alidhani aliandikwa kwa sababu aliaibisha sherehe. Anaandika kwamba alitamani kumwambia mama yake neno zuri, akashika pindo la kanga ya mama huyo, naye akamwachia pindo hilo.

Baadaye Katibu alisema, "Mama, ulinipeleka mahali sahihi. Ukurasa ndio haukuwa wangu."

Mama Apolonia aliuliza, kwa sauti ya chini kuliko ya mwanzo, "Kwa hiyo miaka yote hiyo sisi tulikuwa tunapiga kelele tu?"

Katibu alisema hapana. Alieleza kwamba kanisani ndiko mahali pekee anapojua mambo yote yatakayofuata: watu wote wanaambiwa waseme nini, wasimame lini, waketi lini, na wakikosea wanakosea pamoja. Alisema maneno ya ungamo na ya baraka yanarudi yale yale kila Jumapili, na yeye huyangoja tangu Alhamisi. Huketi benchi la tatu karibu na mlango wa sakristia ili vigelegele vikizidi atoke bila kusumbua mtu, na hutoka, na hurudi. Hajawahi kutoka kwa sababu ya Mungu. Ametoka kwa sababu ya gitaa la Mzee Sosthenes. Alisema anaamini kila kitu wanachoamini wajumbe, isipokuwa kimoja, kwamba aliyemuumba alikosea na sasa anaombwa arekebishe.

Aliongeza kwamba mwezi Machi kikundi cha maombezi kilifika nyumbani bila taarifa, watu tisa, wakampaka mafuta na kumshika mabega na kichwa kwa pamoja. Anaamini walikuja kwa upendo. Baada ya upendo huo hakuweza kula kwa siku mbili.

Mama Apolonia alisema, "Mbona hukusema?"

Katibu alisema kwamba alisema, mara nne, ila watu walikuwa wanaomba kwa sauti.

Mama Apolonia alitazama chini. Alisema kwao Ihanu mtu akiugua hawamwachi peke yake hata akitaka, na kwamba yeye hakufundishwa namna nyingine ya kumpenda mtu. Kisha alisema, "Nisamehe kwa mikono. Kwa maombi siombi msamaha."

Katibu alimsamehe kwa mikono.

Mama Apolonia aliuliza, "Haya, usipokuwa mgonjwa, mimi nikuombee nini sasa?"

Katibu alijibu amwombee kama anavyomwombea Mwenyekiti, ambaye hajawahi kuandikwa popote: safari njema, kazi, mvua, na kuvumilia watu wanaoanza kikao saa 8:37. Mwenyekiti alisema ujumbe umefika.

Kisha Mchungaji aliomba nafasi. Alisimama. Alikiri kwamba amehamia usharika huu miaka sita iliyopita, amesimama madhabahuni kila Jumapili jina hilo likisomwa, na hajawahi hata siku moja kuuliza namba 7 anaumwa nini, ingawa namba 7 ndiye anayemwandikia barua zake zote na kumsahihishia mahubiri. Alisema anaona aibu. Alipendekeza Katibu ahamishiwe kwenye orodha mpya ya watu wenye mahitaji maalumu.

Katibu alikataa. Alisema hataki kuhama kutoka orodha moja inayosomwa kwenda orodha nyingine inayosomwa. Mahitaji yake ni mawili, na yanaweza kutimizwa bila kutangazwa: asiguswe bila kuulizwa, na aambiwe mapema ratiba ikibadilika. Alitoa mfano wa ukumbi mdogo. Dada Yusta aliomba radhi kwa niaba ya kwaya.

KUMB. NA. 7/7/2025: PENDEKEZO LA SAFU YA TATU NA KURA

Dada Yusta alisema, "Sasa jamani, si tuchore tu safu nyingine? Daftari si la mbinguni hili, lilinunuliwa dukani."

Mwenyekiti aliuliza safu hiyo iitweje. Mzee Sosthenes alipendekeza MENGINEYO. Mchungaji alipendekeza AMEPATA NAFUU. Katibu aliulizwa, akasema: HAKUWA MGONJWA.

Mama Apolonia alipinga. Alisema kichwa hicho kinauhukumu usharika mzima. Kila atakayefungua daftari hata baada ya miaka mia atajua kwamba watu wa Tegemeo walimwombea mzima kama mgonjwa.

Mchungaji alisema, "Basi wajue. Tulimwombea mzima kama mgonjwa. Na huenda si yeye peke yake."

Hapo Mwenyekiti aliomba daftari apewe yeye. Alipitia kurasa kwa muda. Alisema kuna mtoto wa mtu, kiziwi, ameandikwa tangu 2019. Kisha alitoa kitambaa akapangusa miwani. Wajumbe wanafahamu kwamba mtoto huyo ni mjukuu wake.

Kura ilipigwa kwa kunyoosha mikono. Katibu hakupiga kura.
Waliokubali: wanne (Mwenyekiti, Mchungaji, Mzee Sosthenes, Dada Yusta).
Aliyekataa: mmoja (Mama Apolonia), ambaye aliomba iandikwe kwamba amekataa kichwa cha safu, hakumkataa Tumpe. Imeandikwa.
Ambaye hakunyoosha upande wowote: mmoja (Mama Tusajigwe).

MAAZIMIO
Safu ya tatu ichorwe leo.
Namba 7 iondolewe kwa kujazwa safu hiyo, kabla ya orodha ya kesho kunakiliwa.
Daftari lote lipitiwe na Mchungaji na Katibu, na hakuna jina jipya la mtu mzima litakaloingizwa bila mwenyewe kuulizwa. Mama Apolonia alikubali hili kwa kuitikia kwa kichwa.

Mzee Sosthenes alipendekeza pia kwamba kuanzia kesho spika za nje zizimwe wakati wa kusoma majina. Kila mmoja alishangaa, kwa kuwa mzee huyo hajawahi kukubali zizimwe hata kwenye mazishi. Katibu alishukuru na kuomba uzimaji uanze Jumapili ijayo, tarehe 20. Kesho ziwake. Mzee Halfani hufungua duka Jumapili saa nne, na Katibu angependa mzee huyo asikie majina sita halafu asisikie la saba. Kikao kiliafiki kwa kauli moja.

KUMB. NA. 8/7/2025: UTEKELEZAJI

Katibu alichora safu ya tatu kwa rula kwenye ukurasa husika, akaandika kichwa chake kwa herufi kubwa. Kwa mujibu wa kanuni iliyo ndani ya jalada, mfutaji wa jina ni mzee wa zamu. Mzee wa zamu wa Julai ni Mama Tusajigwe. Mwenyekiti alisema kwamba, kwa kuwa mama hakupiga kura na moyo wake ni mzito, yeye Mwenyekiti yuko tayari kufuta kwa niaba yake, na kikao kitamwelewa.

Mama Tusajigwe alisema, "Niliandika mimi. Nitafuta mimi."

Alivaa miwani. Alilitazama jina kwa muda mrefu. Ni mwandiko wake wa mwaka 2014, na herufi T ameikoleza mara mbili. Alimwuliza Katibu, "Nikishafuta, utakuwa wapi?"

Katibu alijibu, "Benchi la tatu, karibu na mlango wa sakristia. Kuanzia saa mbili na dakika hamsini na tano."

Mama Tusajigwe alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. Alisema kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwanangu," yaani asante, akachukua kalamu, akajaza safu ya tatu, kisha akapiga mstari juu ya jina saa 11:02 jioni. Katibu alimpa rula. Hakuitaka. Mstari ulipinda, ukapanda mwishoni hadi kugusa namba 6. Katibu hunyoosha mistari yote ya daftari hilo. Huo hakuunyoosha.

KUMB. NA. 9/7/2025: MENGINEYO NA KUFUNGA

Hapakuwa na mengineyo. Mzee Sosthenes alirudisha kalamu ya Katibu na kusema hatalalamika tena kuhusu kumbukumbu. Katibu ameandika tarehe ya ahadi hiyo.

Mwenyekiti alimwomba Mama Apolonia afunge kwa sala. Sala ilichukua dakika tatu. Aliwaombea wenye majina sita kwa majina yao. Kisha akasema, "Na Tumpe," akanyamaza hadi wajumbe wakafumbua macho, akaendelea, "umlinde barabarani anapoenda kazini, malori ni mengi." Katibu aliitikia Amina.

Kikao kilifungwa saa 11:14 jioni. Orodha ya kesho imenakiliwa saa 11:30. Ina majina sita.

Zimesomwa na kukubaliwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, pamoja na yale ambayo Mwenyekiti angependa yasiandikwe:

................................
Ambrosi Kalinga
Mwenyekiti

................................
Tumpe Isakwisa
Katibu